Hodi ya Tatu

Walianza safari mezani, na kwa muda mrefu hawakuvuka ukingo wa meza.

Ramani ililetwa kwa posta, ndani ya bahasha isiyozidi kiganja. Aliyeituma ni binti yao Zamda, kutoka huko mbali alikoolewa, na nyuma ya bahasha aliandika: Mama, hii ndiyo ile nchi uliyokuwa ukiisema. Shekue akakunjua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kufikia adhuhuri ramani ilikuwa imefunika meza yote, ikateremka sakafuni, ikapita chini ya kabati la vyombo na kuingia chumbani. Siku hiyo walilala juu ya jangwa. Mkewe, Mwantumu, alipoamka alikuta mchanga kisiginoni. Hakushangaa. Alikuwa amefikia umri ambao mtu hushangaa mambo machache, na mchanga haukuwa mojawapo. Aliupangusa, akaenda kuteleka chai.

Nchi ile haikuwa na jina. Ilikuwa na barabara moja tu, ndefu, iliyochorwa kwa wino mwekundu. Ilikata tambarare ya chumvi, ikazunguka milima ya rangi ya kahawia, ikapotelea upande wa karatasi ambao walikuwa bado hawajaukunjua. Watu wa huko ni haba, ndivyo ilivyosemekana. Mtu angeweza kuendesha siku mbili asimwone wa kumsalimu, na hilo ndilo lililomvuta Mwantumu. Alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Mlango wake uligongwa alfajiri, uligongwa wakati wa kula, uligongwa siku ya arusi yake mwenyewe. Alitaka mara moja tu katika maisha yake ateleke chai mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja kumwita kabla haijachemka.

Gari lilikuwa kuukuu, zamani likibeba mikate. Fundi Ngwali, seremala wa mtaa, alilitia kitanda cha kukunja, kabati, jiko la gesi, tangi la maji na pazia la maua. Watu wakaliita gari-nyumba, na wenye kejeli wakaliita konokono. Ukilifungua mlango wa nyuma bado lilinuka mikate, na Mwantumu alipenda harufu hiyo. Alisema ni vizuri nyumba iwe na habari zake kabla hujaihamia.

Siku za Mwantumu nazo ziliwekwa na daktari. Alikuwa daktari kijana, mwenye kuona haya kusema kweli, kwa hiyo kweli yake aliuambia mlango: siku ishirini na moja, hazizidi. Mwantumu alimwonea huruma, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuwapa watu habari nzito na alijua zinavyomkausha mtu koo. "Ahsante, mwanangu," alimwambia. Walipotoka nje akamshika mumewe mkono.

"Ishirini na moja zatosha kwenda, Baba Zamda. Za kurudi sijui, lakini za kwenda zatosha."

Sasa imenibidi nimseme Shekue, nami nitamsema kwa mapenzi, maana hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mlinzi wa kizuizi cha barabara, pale mwisho wa mji, ambapo malori ya mbao na mkaa husimamishwa. Kulikuwa na mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, ukilala juu ya njia. Upande mmoja ulifungwa jiwe la uzito, upande wa pili ulikuwa na kamba. Gari likifika, Shekue alitoka kibandani mwake na kumwuliza dereva maswali matatu, hayo hayo, kwa sauti ile ile ya upole: Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Unarudi lini? Akisharidhika huivuta kamba, mti ukainuka. Hakuwahi kuomba kitu kwa mtu, wala kumfokea mtu. Aliona kwamba dunia hukaa sawa pale kila mwenda njia anapokuwa na mtu wa kumruhusu. Na katika miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kuupita ule mti hata hatua kumi.

Mtu wa namna hii ukimpa penseli na raba apange safari, umekwisha. Aliandika: Siku ya kwanza, kuondoka saa kumi na mbili alfajiri. Akafikiri kuhusu umande barabarani, akafuta, akaandika saa moja. Akafikiri kuhusu jua la uso, akafuta. Maji yatatosha mpaka wapi? Akafuta. Gesi ikiisha katikati ya chumvi? Akafuta. Alipanga vizuri, kwa moyo wote, na nia yake ilikuwa njema kabisa, kwani alitaka mkewe asipate tabu hata kidogo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga wamesema, lakini hawakusema lolote juu ya yule anayengojesha kwa kupenda.

Kilichomkwamisha hasa hakikuwa maji wala gesi.

"Nani atatukaribisha?" aliuliza siku moja, penseli ikiwa sikioni.

"Atukaribishe wapi? Tuna nyumba yetu," Mwantumu alisema. Alikuwa ameketi kitandani akipanga vikombe viwili ndani ya kitambaa.

"Hapo ndipo penye shida. Mtu akija mikono mitupu ni mgeni. Atapiga hodi, ataitikiwa, atapewa kiti, na siku ya tatu atapewa jembe. Inaeleweka. Lakini mtu anayekuja na nyumba yake, kitanda chake na jiko lake, akaegesha katikati ya nchi ya watu, huyo ni nani? Hodi anaipigia wapi?"

"Mlangoni kwa nchi."

"Na asipoitika mtu?"

Mwantumu alijua jibu, kama ulijuavyo wewe. Kwao hodi ni mara tatu. Unapiga ya kwanza, unasubiri. Unapiga ya pili, unasubiri. Ukipiga ya tatu usijibiwe, unageuka na kurudi ulikotoka, bila kuchungulia dirishani na bila kununa. Shekue alifundishwa hivyo na bibi yake akiwa hajajua hata kufunga kifungo, na hakuwahi kuivunja sheria hiyo kwa nyumba ya tajiri wala ya fukara.

"Tukifika tutajua," Mwantumu alisema.

Shekue akaitoa penseli sikioni, akafuta siku ya kwanza.

Wakati ulikuwa na tabia yake katika nyumba ile. Mti wa penseli ulipungua, na nje maharage ya jirani yalitoa maua, yakazaa, yakachumwa. Fundi Ngwali alipita akakuta majani yameota mpaka nusu ya magurudumu. Akabisha hodi, akaitikiwa, akaingia na kusimama juu ya ziwa moja la ramani bila kujua, soksi zake zikalowa.

"Shikamoo mzee Shekue. Nimekuja kuuliza kama lile gari nilitengenezee ua, au mbuzi waendelee tu kula huko chini."

"Marahaba. Tunaondoka kesho."

"Kesho hii ndiyo ile ya wiki iliyopita?"

"Kupanga ni kuchagua, Ngwali."

"Ndiyo, mzee. Lakini wewe hujachagua, unapanga tu." Akamgeukia Mwantumu, akaishusha sauti. "Bibi mkunga, mwambie. Gari halina tatizo. Nimelikagua mara nne."

Alipokwenda zake, Mwantumu aliinuka, akaja mezani taratibu, mkono mmoja ubavuni. Alikuwa amekonda. Kanga aliyojifunga ilizunguka mara mbili pale ilipokuwa ikizunguka mara moja.

"Leo siku ya ngapi, Baba Zamda?"

"Ya kwanza. Yaani kesho ndiyo ya kwanza."

"Jana pia kesho ilikuwa ya kwanza."

Akanyoosha kiganja na kuanza kuzoa mabaki ya raba yaliyosambaa mezani, yale makombo ya kijivu ambayo Shekue alikuwa akiyapuliza pembeni kila alipofuta. Aliyakusanya vichungu vichungu, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Alipomaliza, vilikuwa vichungu kumi na viwili. Akavitazama kidogo.

"Hizi zilikuwa zangu," alisema.

Shekue alivitazama vile vichungu, na aibu iliyompata sina haja ya kuipamba. Ndani ya kichungu kimoja mlikuwa na asubuhi nzima, na harufu ya mikate, na mlima wa rangi ya kahawia ambao sasa hakuna atakayeuona. Alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo kuliko kichungu kimojawapo. Zilibaki siku tisa.

Kesho yake alfajiri Mwantumu alivaa buibui, akabeba vikombe vyake viwili na birika, akaingia ndani ya gari, akaketi kiti cha abiria na kupiga honi. Akapiga tena. Aliipiga bila hasira na bila kuacha, mpaka majirani wakatoka na miswaki midomoni, na Shekue akatoka akiburuta ramani, ambayo ilikuwa haijaisha kutoka mlangoni hadi gari lilipofika njia kuu.

Safari yenyewe ilikuwa hivi: haikufanana na mpango hata kidogo. Walipita mahali ambapo kizuizi cha Shekue kilikuwa kimesimama. Mti haukuwapo tena, limebaki jiwe la uzito tu majanini, na Shekue akapunguza mwendo kwa mazoea. Baada ya hapo nyumba zikaanza kuwa mbali mbali, kisha zikaisha. Kati ya chakula cha mchana na chai ya alasiri zilipita siku nne, walizijua kwa ndevu za Shekue. Mwantumu alipotazama kwenye kioo cha pembeni alimwona msichana wa miaka ishirini aliyefungwa kilemba cheupe cha ukunga, akamtabasamia. Msichana naye akatabasamu, akampisha. Shekue alipotupia jicho kioo cha upande wake hakuona kijana. Aliona mti mwekundu na mweupe ukiwafuata nyuma, kwa umbali ule ule, kama mbwa aliyezoea watu. Hakumwambia mkewe.

Alasiri walifika mpakani.

Kulikuwa na kizuizi. Mti wa rangi nyekundu na nyeupe ulilala juu ya barabara, na kando yake kibanda cha mabati chenye dirisha moja. Kulia kwa mti hapakuwa na ukuta, wala seng'enge, wala mtaro. Kushoto vile vile. Palikuwa na nchi tu, upande huu na upande ule, ya rangi moja, na upepo uliopita juu yake bila kuulizwa kitu. Mbuzi angeweza kuuzunguka ule mti. Gari pia lingeweza. Lakini Shekue alisimamisha gari mita kumi kamili kabla ya mti, akazima injini, akashuka, akafunga vifungo vya shati.

"Hodi," alisema.

Upepo ukapita. Akasubiri muda ambao mwenye nyumba angehitaji kuinuka kitandani, kujifunga kanga na kuvaa ndara.

"Hodi."

Akasubiri muda ambao mwenye nyumba mgonjwa angehitaji. Kibanda kilikuwa kitupu, ilionekana wazi kupitia dirishani: kiti, chupa ya chai, koti limetundikwa msumarini. Akafungua mdomo kwa ile ya tatu, kisha akaufunga.

Nikuulize, ewe unayesoma, maana swali hili lilimkaa Shekue kooni na mimi limenikaa tangu hapo. Sisi sote tuliingia kwenye nchi hii pana tunayoiita dunia. Nani alituambia karibu? Unakumbuka kupiga hodi? Mimi sikumbuki. Nilijikuta sebuleni, watu wameshaanza kula, wengine wanakohoa, wengine wananiuliza mbona nimechelewa. Tangu siku hiyo kuna wenzetu wanaokaa mlangoni na kusema wao ndio wenye nyumba, nao wana viti na makoti na kamba mkononi, wanatuuliza tunatoka wapi na tunarudi lini, na sisi tunawajibu kwa adabu. Hatujawahi kuwauliza wao walipoingia waliitikiwa na nani. Pengine nao walikuta kibanda kitupu wakakaa kupumzisha miguu. Kama ni hivyo, basi hii kazi yote ya kuruhusu na kukataza ilianzia kwenye uchovu wa mtu mmoja, na ninashindwa kumchukia.

"Piga ya tatu," Mwantumu alisema kutoka dirishani.

"Pengine amekwenda kuswali. Tumpe nafasi."

Wakampa nafasi. Shekue aliegesha gari kando, akafungua pazia la maua, Mwantumu akateleka chai. Kulipokucha hakuwa amerudi mtu. Mwantumu akasema tena, piga ya tatu, na Shekue akasema hodi isiyojibiwa ya tatu ndiyo hukumu, huwezi kuitupa ovyo. Siku ikaisha hivyo. Nyingine ikaisha kwa kutengeneza mguu wa jiko uliokuwa hauna tatizo. Katika ile ya tatu Mwantumu hakuinuka kitandani mpaka jua lilipokuwa kali, naye Shekue alimkanda miguu kwa maji ya vuguvugu, akamwimbia vijineno vya zamani visivyo na maana, akampenda mno, na hodi hakuipiga. Siku iliyofuata, miguu ikimuuma kwa kusimama, aliingia kibandani akaketi kwenye kile kiti. Kwa kupumzika tu, alijiambia.

Kiti hiki. Mguu mmoja mfupi. Nimewahi kuuwekea kijiwe. Lini? Kijiwe hiki hapa. Chai haina sukari, ndivyo ninavyoinywa. Koti. Nani kanipima? Mikono inatosha, hata pale kwenye kiwiko nilipotia kiraka. Aliyetia kiraka ni mke. Nina mke? Ninaye, yuko mahali, ananingoja. Wote hungoja. Malori hungoja. Mtu asiyengoja hajui anakokwenda. Kamba ina mafuta ya kiganja changu. Laini. Nikiivuta, kitu kitainuka, na kilichoinuka hakirudi kilivyokuwa. Bora nisiivute leo. Leo nipumzike. Yule nani anayekuja kule barabarani, mwanamke, anatembea polepole, ana kikombe. Wanawake wa siku hizi husafiri peke yao. Nitamwuliza kwa upole. Sijawahi kumfokea mtu.

"Unatoka wapi?" alimwuliza.

Mwantumu alisimama na kikombe chake. Mvuke ulipanda usoni mwake. Alitazama koti, kamba mkononi, na macho ya mumewe ambayo yalimtazama kwa heshima yote wanayotazamwa nayo wapita njia.

"Natoka kwenye gari letu. Nimekuletea chai."

"Unakwenda wapi?"

"Huko," alisema, akaonyesha kwa kidevu.

"Unarudi lini?"

Mwantumu alikiweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha la kibanda. Hakuharakisha.

"Sirudi, Shekue."

Katika miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Alikuwa Baba Zamda, na kabla ya Zamda kuzaliwa alikuwa "wewe" na "yeye" na "mwenyewe". Jina lile lilimfikia Shekue kama maji ya baridi, na koti likaanza kumbana. Akaiachia kamba. Akamwona mkewe, alivyokonda, kanga imezunguka mara mbili na nusu. Akalia, mtu mzima, bila kujifunika uso.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Moja. Hii."

"Naogopa, Mama Zamda. Nikiipiga ya tatu asijibu mtu, itabidi turudi. Na huko nyuma hakuna siku hata moja. Nikikaa nayo, angalau bado hatujakataliwa."

"Kwa hiyo umeiweka akiba."

"Nimeiweka."

Mwantumu akacheka, kicheko chake cha zamani, kilichomfanya ajishike ubavu. Akaegemea ule mti mwekundu na mweupe.

"Unajua nimezalisha watoto wangapi?"

"Wengi."

"Elfu mbili na kitu. Hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Walikuja na kelele zao, uchi, na hawajui wanatoka wapi. Unajua nilikuwa nawafanyia nini?"

Shekue hakujua. Aliona jinsi ilivyo ajabu kwamba hakujua. Kila siku alimwuliza anatoka wapi na atarudi lini, na hakuwahi kumwuliza anafanya nini akiwa huko.

"Nilikuwa nawaambia karibu. Sikioni. Kabla mama hajamwona, kabla ya adhana ya baba. Karibu, karibu mwenyewe. Wakinyamaza kidogo, wakanisikiliza."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Dunia si yako."

"Si yangu. Mimi nilitangulia kufika tu, basi."

Alisema hivyo kisha akainua pindo la kanga, akalichomeka kiunoni, akainama. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani, na Shekue alinyoosha mkono kumsaidia, lakini mkono haukufika, mti ulikuwa katikati. Mwantumu alipita chini ya ule mti kwa shida, akiushika kwa juu, akasimama upande wa pili na kujikung'uta viganja. Hakuna filimbi iliyolia. Akatembea hatua saba au nane ndani ya nchi isiyo na jina, akageuka. Jua lilikuwa mbele yake na uso wake wote ulionekana.

"Haya," alisema. "Piga."

Shekue alivua koti, akalitundika msumarini lilipokuwa. Akatoka kibandani, akasimama mahali anaposimama mgeni. Vifungo vya shati vilikuwa vimefunguka, akavifunga kimoja kimoja. Miguu yake ilijua kugeuka na kurudi kuliko ilivyojua kitu kingine chochote. Alihisi ile hodi kifuani, hodi ya tatu, aliyoitunza mpaka ikawa nzito.

"Hodi," alisema.

Upepo ukapita. Mwantumu hakujibu upesi. Alimpa mwenye nyumba muda wake, muda wa kuinuka, kujifunga kanga na kuvaa ndara, jinsi inavyostahili. Kisha akajibu, taratibu, kwa ile sauti ambayo watu elfu mbili na kitu waliisikia kabla ya sauti nyingine zote na wakaisahau.

"Karibu. Karibu mwenyewe."

Shekue alishika kamba, akaivuta. Mti ukainuka kwa mlio aliokuwa akiusikia usingizini kwa miaka thelathini na moja. Akaifunga kamba kwenye msumari wa kibanda ili mti usishuke tena, akarudi garini, akaliwasha, na machozi yakamfanya aende kombo kidogo, lakini barabara ilikuwa pana. Alipofika kwa mkewe akasimama, akashuka kumfungulia mlango, akamwinua kwa kumshika kwapani, akamweka kitini. Alikuwa mwepesi sana. Mbele yao tambarare ya chumvi ilianza, nyeupe, haina alama ya gurudumu. Ramani ilikuwa imebaki upande wa pili, imenaswa chini ya jiwe la uzito, na hakuna aliyeikumbuka.

Waliendesha mpaka wakawa hawaoni kibanda. Shekue akaegesha katikati ya chumvi, akafungua jiko, akateleka birika. Mwantumu aliketi mlangoni, miguu ikining'inia, akisikiliza maji yakianza kuguna, na hakuna mtu aliyekuja kumwita. Maji yakachemka. Shekue akamimina katika vile vikombe viwili, akamkalia karibu.

"Leo siku ya ngapi, Baba Zamda?"

Shekue alipapasa sikioni kutafuta penseli. Haikuwapo.

"Ya kwanza," alisema.